Laptop inaganda bila mpangilio hata baada ya kuwekewa Windows upya: tutafute chanzo

#1. Mwanzisha uzi, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba msaada wenu kuhusu laptop ambayo imenisumbua kwa muda mrefu, na ambayo kila ninapoipeleka kwa fundi hurudishwa ikiwa imewekewa Windows upya, inafanya kazi vizuri kwa siku chache, kisha inaanza tena mchezo wake.

Ni laptop ya mtumba kutoka Ulaya, prosesa yake ni Intel i5 ya kizazi cha sita, RAM ni GB 8, na diski ni SSD ya GB 256 ambayo niliwekewa dukani baada ya kuomba ile diski ngumu iliyokuja nayo iondolewe kwa sababu ilikuwa inachelewa mno kuwaka. Kazi yangu ni hesabu za duka la vifaa vya ujenzi: Excel, kivinjari chenye kurasa chache, na printa. Sichezi michezo wala sihariri video.

Tatizo lenyewe halina ratiba. Inaweza kufanya kazi asubuhi nzima bila tatizo, kisha jioni ikaganda mara mbili ndani ya saa moja. Haitoi ujumbe wowote, haileti ile skrini ya bluu, na haizimi yenyewe. Wakati mwingine hurejea baada ya dakika moja hivi kana kwamba hakuna kilichotokea, na wakati mwingine hunilazimu kushikilia kitufe cha kuwashia hadi izime. Fundi mmoja alisema ni virusi, mwingine akasema RAM haitoshi, na mwingine akasema Windows yangu si halali. Nimeshindwa kujua nimwamini nani, na kila anayeigusa anaanza kwa kufuta kila kitu.

#2. Fundi, Dar es Salaam

Pole sana mkuu. Kabla ya jambo lolote, nakili mafaili yako ya hesabu kwenye flashi au diski ya nje leo hii, wakati mashine bado inawaka, kwa sababu mojawapo ya vyanzo vya tatizo la namna hii ni diski inayokufa, na diski inayokufa haitoi taarifa.

Baada ya hapo naomba usikubali tena kuwekewa Windows upya mpaka tujue ni kitu gani kinachoganda. Ninaona mafundi wengi wanakimbilia huko kwa sababu ni kazi inayolipwa na inayoonekana, lakini ikiwa kosa liko kwenye RAM, kwenye diski au kwenye waya, Windows mpya itakaa juu ya kosa lilelile. Zaidi ya hapo, kila unapofuta unafuta pia kumbukumbu za makosa ambazo mashine imejiandikia yenyewe, na hizo ndizo ushahidi wetu mkubwa.

Sisi sote tunasema laptop imeganda, wapo wanaosema inastaki, lakini tukio hilo lina sura mbalimbali, na sura yake ndiyo inayoelekeza mahali pa kutafuta. Kwa hiyo itakapoganda tena, usikimbilie kitufe cha kuwashia. Kaa nayo dakika mbili tatu na uangalie mambo yafuatayo. Bonyeza Caps Lock na utazame kama taa yake inawaka na kuzima. Sogeza kishale. Tazama saa iliyo kwenye kona ya skrini na uilinganishe na saa ya simu. Kama laptop yako ina taa ya diski, angalia kama inapepesa, imezima kabisa, au imewaka moja kwa moja bila kupepesa. Kama kulikuwa na muziki, sikiliza kama umenyamaza, unaendelea, au unarudiarudia kipande kimoja kwa mlio wa kukereketa. Mwisho bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Kuanzia Windows 8, mchanganyiko huo huamuru draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha, ianze upya, na utaona skrini ikipepesa mara moja, mara nyingi pamoja na mlio mfupi.

Nieleze maana yake ili usifanye kwa kukariri. Taa ya Caps Lock ikikataa kabisa kubadilika, kishale kikiwa kimesimama na sauti ikikwaruza, basi mfumo wenyewe umesimama kuanzia chini, na hapo ninashuku RAM, madabodi (ile bodi kuu inayounganisha vipuri vyote), umeme wa prosesa, au draiva inayofanya kazi karibu sana na kiini cha mfumo. Taa ya Caps Lock ikitii lakini picha ikawa imeganda, na ule mchanganyiko wa vitufe ukairudisha, basi tatizo liko kwenye draiva au chipu ya picha. Taa ikitii, kishale kikatembea, lakini kila unachokibofya kikakataa kufunguka, hapo mara nyingi prosesa ni nzima na inasubiri jibu kutoka kwenye diski. Hali hiyo ya mwisho ni kama mgahawa ambao mhudumu amechukua oda na kupotelea jikoni: wateja wapo, meza zipo, ila hakuna kinacholetwa.

Kuhusu RAM kutokutosha, GB 8 kwa Excel na kurasa chache zinatosha. RAM ikipungua, mashine huwa nzito polepole na diski hufanya kazi mfululizo, kisha hali hutulia ukifunga programu. Haigandi ghafla wakati umefungua faili moja. Kuhusu Windows isiyo halali, mashine ingekuwekea maandishi kwenye kona na kukunyima baadhi ya mipangilio, si kuganda.

#3. Mchangiaji, Mwanza

Mkuu fundi, nakubaliana na mengi, lakini virusi usiviondoe haraka hivyo. Mimi nina laptop iliyokuwa inaganda kila ninapofungua mafaili, na ilipona nilipoondoa programu za kulinda virusi. Zilikuwa mbili kwa pamoja, moja ilikuja na mashine na nyingine niliwekewa na mtu. Nadhani kila moja ilikuwa inakagua mafaili ambayo nyingine inayakagua.

#4. Fundi, Dar es Salaam

Umesema kweli, na hilo hutokea. Programu mbili za kulinda virusi hujipachika mahali palepale ambapo kila faili hupita, na zikigongana, mashine inaweza kusimama. Ndiyo maana Defender ya Windows hujiweka pembeni yenyewe unapoweka programu nyingine ya aina hiyo. Kwa mwenzetu wa Morogoro ninavipa virusi nafasi ndogo kwa sababu tatizo lilirudi baada ya kila kitu kufutwa, isipokuwa kama flashi ya fundi yenyewe ndiyo inayobeba hayo mambo, jambo ambalo nalo si geni kwetu.

#5. Mchangiaji, Unguja

Huku pwani kuna mambo mawili ambayo mafundi wa bara huyasahau. La kwanza ni hewa ya chumvi. Miguu ya RAM ya rangi ya dhahabu hupata utando, na mashine huganda au hukataa kuwaka kabisa. Ukitoa RAM, ukaisafisha na kuirudisha kwa kuibana vizuri hadi vishikio vya pembeni vilie, mara nyingi inapona. Naomba watu waache kusugua kwa raba ya shule, kwa sababu raba hukwaruza ule mpako mwembamba wa dhahabu na kuacha chembe ndani ya soketi. Spiriti safi isiyo na maji mengi na kitambaa kisichotoa nyuzi vinatosha.

La pili ni chaja. Laptop nyingi za mtumba kutoka Ulaya huja na waya wa plagi ya duara yenye pini mbili, ambayo kule kwao hupata ethi, yaani njia ya usalama ya umeme kwenda ardhini, kupitia vibati vya pembeni. Hapa kwetu tunaichomeka kwenye adapta ya kichina, au tunakandamiza tundu la ethi kwa kalamu ili plagi iingie, na ethi inapotea. Matokeo yake mwili wa laptop ukiwa wa chuma unasisimua vidole, na ile sehemu ya kugusa inayoongoza kishale inachanganyikiwa: kishale kinaruka, kinakataa kusogea, na mtu anasema laptop imeganda. Chomoa chaja. Kishale kikirudi palepale, basi mashine haina kosa, nunua waya wenye pini tatu za kwetu.

#6. Mwanzisha uzi, Morogoro

Ahsanteni sana. Kuhusu chaja, nimeitumia kwa betri peke yake na imeganda vilevile, kwa hiyo nadhani hilo halinihusu. Mafaili nimeshayanakili.

Leo alasiri imeganda nikiwa ninaandika stoo ya nondo. Nilifanya kama nilivyoelekezwa. Taa ya Caps Lock ilitii kila nilipobonyeza. Kishale kilitembea, lakini baada ya kubofya kwenye upau wa chini kikageuka kuwa kile kiduara kinachozunguka. Saa ya kwenye kona ilisimama kwenye 16:52, ilhali simu yangu ilikuwa tayari inasoma 16:54. Taa ya diski, ambayo sikuwahi kuitilia maanani, ilikuwa imewaka moja kwa moja bila kupepesa hata kidogo. Ule mchanganyiko wa vitufe haukuleta chochote. Nilipokuwa nafikiria kuizima, taa ikapepesa ghafla, saa ikaruka hadi 16:54, na vitu vyote nilivyokuwa nimebofya vikafunguka kwa mkupuo.

#7. Fundi, Dar es Salaam

Hiyo ni picha safi kabisa, na sasa tunaweza kuacha kubahatisha. Prosesa iko hai, RAM ingekuwa na kosa isingekuruhusu kurejea bila kujeruhi kitu, na taa ya diski iliyowaka bila kupepesa inasema kwamba kuna ombi limetumwa kwa diski na jibu halijarudi. Windows huwa na subira ya muda maalumu, mara nyingi nusu dakika hadi dakika nzima, kisha huamuru njia ya diski ianze upya. Amri hiyo ikifaulu, mashine hujirudi kama ulivyoona. Isipofaulu, unabaki umekaa.

Hili huandikwa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Event Viewer, fungua Windows Logs kisha System, na uangalie mistari iliyoandikwa karibu na saa 16:52 hadi 16:54. Natarajia utaona chanzo kinachoitwa storahci chenye namba 129, na maelezo yanayosema kwamba amri ya kuanzisha upya imetumwa kwa RaidPort0, yaani njia ya diski. Ukiona pia chanzo kinachoitwa disk chenye namba 7, hiyo inataja kipande kibovu cha diski, na namba 153 inamaanisha ombi limerudiwa baada ya kushindikana. Usishtuke ukikuta Kernel-Power namba 41 kila mahali. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimwa bila utaratibu, yaani wewe uliposhikilia kitufe. Watu wengi mtandaoni wamepoteza wiki wakitafuta dawa ya 41, na 41 haisemi chochote kuhusu sababu.

Kisha pakua CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, uifungue na utuwekee takwimu za diski. Kuna safu za namba ambazo ninazihitaji: 05, inayohesabu vipande vibovu ambavyo diski imevihamisha, C5, inayohesabu vipande vinavyosubiri kuamuliwa, na C7, inayohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na madabodi. Chagua kwenye menyu yake namba zionyeshwe kwa mfumo wa kawaida wa kumi, la sivyo utasoma herufi na tarakimu zilizochanganyika na kuogopa bure.

Onyo moja ninaliandika kwa msisitizo kwa ajili ya kila atakayepita hapa. Kuna ushauri umeenea wa kuendesha amri ya chkdsk yenye r kila laptop inapoganda. Amri hiyo husoma diski nzima, kipande kwa kipande, na kwa diski inayokufa hiyo ndiyo safari ya kuimalizia. Kwanza nakili mafaili, pili soma takwimu, ndipo uamue kama unaihitaji.

#8. Mchangiaji, Kisumu

Habari zenu ndugu. Naomba nisaidiwe katika uzi huuhuu kwa kuwa yangu inafanana, ingawa nahisi ni ugonjwa tofauti. Nina kipakatalishi kidogo chenye prosesa ya Celeron N2840, RAM ya GB 4, na ninatumia Linux Mint. Huganda kabisa: taa ya Caps Lock haibadiliki, kishale hakisogei, na hakijawahi kurejea chenyewe. Jambo la ajabu ni kwamba huganda zaidi kikiwa kimetulia au ninapotazama video, na si ninapokipa kazi nzito. Memtest86+, ile programu ya kupima RAM, nimeiacha ikikimbia usiku kucha na haikupata kosa. Mwenye duka aliniambia madabodi imekwisha.

#9. Fundi, Dar es Salaam

Ndugu wa Kisumu, usitupe mashine bado. Prosesa hiyo ni ya familia ya Intel iliyojulikana kwa jina la Bay Trail, pamoja na akina N2940, J1900 na Atom Z3735F, na familia hiyo ina historia ndefu ya kuganda kwenye Linux. Prosesa ikikosa kazi huzama kwenye usingizi wa ngazi mbalimbali ili kuokoa umeme, na kwa familia hii kulikuwa na hitilafu katika kuingia na kutoka kwenye ngazi za chini. Ndiyo maana yako huganda ikiwa imetulia: haijachoka, imelala na imeshindwa kuamka.

Dawa inayofahamika ni kuizuia isizame sana. Fungua faili la /etc/default/grub kwa mamlaka ya msimamizi, tafuta mstari unaoanza na GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza intel_idle.max_cstate=1 ndani ya alama zake za kunukuu, hifadhi, endesha sudo update-grub, kisha washa upya. Gharama yake ni betri kuisha mapema kidogo. Baadhi ya mashine za AMD Ryzen za mwanzo zilikuwa na tatizo la jamii hiyo, na baadhi ya watengenezaji wa madabodi waliweka kwenye BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye madabodi) chaguo liitwalo Typical Current Idle kwa ajili hiyo.

Kwa kuwa nimegusa AMD, niongeze moja lisilo la usingizi. Kama mashine yako ni ya Ryzen, ina Windows 10 au 11, na haigandi moja kwa moja bali hukwama kwa sekunde chache pamoja na sauti, kisha huendelea, kuna hitilafu ambayo AMD yenyewe ilikiri mwaka 2022, inayohusu ile sehemu ya usalama iliyo ndani ya prosesa, na dawa yake ni kusasisha BIOS. Fanya hivyo ukiwa na betri iliyojaa na chaja imechomekwa, na usithubutu wakati umeme unakatikakatika, kwa sababu BIOS iliyokatishwa katikati ni kesi nyingine kubwa zaidi.

#10. Mchangiaji, Unguja

Mkuu fundi, na joto je? Naona hujalitaja, na kila fundi ninayemjua huanzia hapo kwa kufungua feni.

#11. Fundi, Dar es Salaam

Nimeliweka nyuma kwa makusudi. Prosesa za laptop za miaka hii zina kinga: zikikaribia kiwango chao cha juu, ambacho kwa Intel nyingi ni nyuzijoto 100 au zaidi kidogo, hujipunguzia kasi, na joto likizidi hapo, mashine huzima ghafla. Kwa hiyo dalili ya joto ni uzito wa kazi unaoambatana na feni kulia kwa nguvu, au kuzima. Kuganda kwa sababu ya joto kupo, hasa chipu ya picha au solda zake zikiwa zimechoka, lakini huja baada ya kazi nzito na huonekana kwa HWiNFO, programu inayoonyesha joto, ukiiacha wazi pembeni. Kusafisha vumbi na kubadilisha ile dawa nyeupe au ya kijivu inayopitisha joto juu ya prosesa ni jambo jema kwa laptop yoyote ya mtumba. Ninachokataa ni kulifanya kuwa jibu la kila swali.

#12. Mwanzisha uzi, Morogoro

Nimerudi. Kwenye Event Viewer nimekuta storahci namba 129 saa 16:53, na nikirudi nyuma zipo nyingine nyingi, kila moja karibu na wakati ninaokumbuka mashine iliganda. Namba 7 haipo hata moja. Takwimu za diski ni hizi: 05 ni sifuri, C5 ni sifuri, na C7 inasoma 418. Programu yenyewe inaandika kwa rangi ya bluu kwamba afya ya diski ni nzuri. Sasa nimechanganyikiwa, diski ni nzuri au ni mbovu?

#13. Fundi, Dar es Salaam

Diski ni nzuri, ila haisikilizani na madabodi. Rangi ya bluu inatokana na hali ya diski yenyewe, na C7 haihesabiwi kuwa ugonjwa wake kwa sababu inahesabu ujumbe uliofika ukiwa umeharibika njiani. Hiyo njia ndiyo mtuhumiwa wetu.

Laptop nyingi za kizazi chako hazichomeki diski ya SATA moja kwa moja kwenye madabodi, bali hutumia kebo bapa nyembamba kama utepe, yenye kiunganishi kidogo upande mmoja na soketi ya diski upande mwingine. Kebo hiyo hukunjwa kwenye kona na kupita chini ya plastiki, na mtu akibadilisha diski kwa haraka ni rahisi sana kuikunja kupita kiasi au kuirudisha nusunusu. Wewe umesema SSD iliwekwa dukani baada ya kununua. Jiulize kama kulikuwa na kuganda kabla ya hapo.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili. Andika thamani ya C7 ya sasa, kwa maana haishuki kamwe, hata kosa likipona. Kinachotuhusu ni kama inapanda. Kisha anza kunakili faili kubwa, na huku mashine ikinakili, inyanyue taratibu kwa kona ya upande ambao diski imekaa, uishushe, ubonyeze kidogo sehemu ya kuwekea kiganja. Ikiganda, soma C7 tena.

Isipopanda, nitakupeleka upande wa kuokoa umeme, kwa sababu njia ya diski nayo hulazwa ikiwa haina kazi, na baadhi ya SSD za bei rahisi hazijui kuamka. Programu ya Intel Rapid Storage ina swichi ya Link Power Management ambayo huzimwa kwa ajili hiyo, na kwa SSD za NVMe, zile za kasi zaidi zinazotumia njia ya PCI Express, utaenda kwenye mipangilio ya juu ya umeme, sehemu ya PCI Express. Baada ya hapo nitakuambia uangalie kama mtengenezaji wa SSD ametoa programu mpya ya ndani ya diski yenyewe. Si jambo la kupuuza: Crucial m4 ilikuwa na hitilafu iliyoifanya ikwame baada ya kufikisha saa 5,184 za kuwaka, na baada ya hapo ikawa inakwama kila baada ya saa moja hivi, mpaka kampuni ilipotoa programu ya kuirekebisha mnamo Januari 2012. Fikiria ni watu wangapi waliwekewa Windows upya mwaka huo.

#14. Mchangiaji, Mwanza

Na kama mtu hana uhakika wa takwimu, kuna njia ya kuitoa diski kwenye kesi kabisa? Nina mteja ambaye mashine yake haiandiki chochote kwenye Event Viewer.

#15. Fundi, Dar es Salaam

Ipo, na ni jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halibishaniwi. Weka Ubuntu kwenye flashi, chomoa diski nje ya laptop, washa mashine kutoka kwenye flashi na umpe mteja aitumie hivyo mchana mzima, afungue kurasa na kutazama video. Ikiganda bila diski kuwemo, diski na kebo havina hatia, na Windows pia haina hatia, kwa hiyo rudi kwenye RAM, ukijaribu kipande kimoja kimoja katika kila soketi. Isipoganda, mtuhumiwa ni diski, njia yake, au Windows na draiva zake. Kuhusu kutoandika chochote, kumbuka kwamba daftari la makosa limo ndani ya diski ileile. Diski ikipotea kabisa, Windows haina pa kuandikia, na ukimya wenyewe ni dalili.

#16. Mwanzisha uzi, Morogoro

Nimefanya jaribio la kona. Nilipobonyeza upande wa kushoto wa sehemu ya kiganja, taa ya diski iliwaka bila kupepesa, mashine ikaganda, na iliporejea C7 ilikuwa imepanda hadi 431. Nikagundua pia jambo ambalo sikuwahi kulihusisha. Jioni ndipo wateja wanapopungua na mimi huihamisha laptop kutoka kaunta kwenda kwenye meza ya nyuma, kisha naegemeza mkono nikihesabu. Kumbe ndiyo sababu ya kuganda jioni.

Nilitoa betri, nikafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo. Kebo ni utepe mweusi, na mahali inapopinda kuelekea kwenye diski kuna mkunjo mkali wenye mstari mweupe, na SSD haikufungwa skrubu hata moja, ilikuwa imewekewa kipande cha boksi ili isicheze. Na kuhusu swali lako, hapana, haikuwahi kuganda kabla ya kubadilishwa diski, ilikuwa inachelewa tu.

#17. Fundi, Dar es Salaam

Hapo hapana mjadala tena. Diski inayocheza huivuta kebo kila laptop inapohamishwa. Unahitaji vitu viwili: kebo mpya, na kile kibebeo cha chuma pamoja na skrubu zake, ambacho pengine kilibaki dukani na diski yako ya zamani, kwa hiyo waulize kwanza. Usijaribu kuunga kebo hiyo kwa gundi au kwa solda, kwa kuwa ishara zinazopita humo ni za kasi kubwa na kiungo cha mkono huongeza makosa.

#18. Mchangiaji, Kisumu

Mimi nimeongeza ule mstari kwenye GRUB. Tangu wakati huo nimetazama mechi nzima ya mpira na nimekiacha kikiwaka usiku, na hakijaganda. Betri kweli inaisha mapema zaidi. Nitaendelea kukiangalia kabla ya kusema kimepona, lakini mwenye duka alikuwa ameshaniambia bei ya madabodi.

#19. Mwanzisha uzi, Morogoro

Kibebeo nimekipata, walikuwa nacho kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Kebo hawana, na wameniambia niagize Kariakoo. Nikiulizwa aina, niseme nini? Jina la modeli ya laptop linatosha?

#20. Fundi, Dar es Salaam

Halitoshi, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na kebo zaidi ya moja kulingana na toleo. Kwenye utepe wenyewe kuna kibandiko kidogo cheupe au maandishi yaliyochapwa, yenye namba ndefu ambayo kwa kebo nyingi za laptop huanza na DC02 au 6017B. Piga picha ya namba hiyo, na picha nyingine ya viunganishi vya pande zote mbili ukiweka rula pembeni, uzitume kwa muuzaji kabla ya kulipa. Ikifika, linganisha urefu na idadi ya pini kabla ya kuitoa kwenye mfuko. Ukiifunga, iache ifuate mkondo wake bila kuivuta, kaza skrubu za kibebeo, kisha soma C7 na uiandike mahali. Ikibaki palepale baada ya wiki ya kuihamishahamisha, rudi hapa uandike namba hiyo ili na wengine waione.

#21. Mwanzisha uzi, Morogoro

Kebo ilikuja kwa basi na nimeifunga mwenyewe. Wakati wa kuifunga C7 ilikuwa imefika 436, na mpaka leo, baada ya wiki ya kwenda na kurudi kati ya kaunta na meza ya nyuma, inasoma 436. Kwenye Event Viewer hakuna 129 mpya.